Akina Jefferson Wahamia Jirani

Tarehe 2 Machi 1971, televisheni ya CBS ya Marekani ilirusha ile sehemu ya All in the Family ambamo nyumba ya jirani ya Archie Bunker, huko Queens, New York, inauzwa. Archie, mzungu mwenye mdomo mchafu, anasikia kwamba wanunuzi ni watu weusi. Anahaha kuzuia biashara hiyo, asijue kwamba wanaohamia ni wazazi wa Lionel, kijana anayeingia na kutoka kwake kila uchao.

Mimi ni mwandishi wa michezo ya redio, na vijana ninaowafundisha lazima niwaonyeshe sehemu hii. Nataka wamtazame Lionel. Tangu sehemu ya kwanza, Archie akimuuliza jambo, kijana humjibu kwa matamshi yale yale ya mtu mweusi wa kuchekwa ambayo mzee anapenda kuyasikia. Akigeukia vijana wenzake, anazungumza kama msomi alivyo. Anamsoma mzee vizuri na bado anampenda. Kwangu mimi, ndani ya nyumba ile mtu mzima ni yeye.

Juhudi za Archie hazikuwa za kubuni tu. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilitiwa saini na Rais Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Bado mitaa mingi ya wazungu iliendelea kuwawekea weusi vikwazo.

Baba yake Lionel, George, alichelewa sana kuonekana. Mtayarishaji Norman Lear alimtaka Sherman Hemsley, ambaye wakati huo alikuwa kwenye jukwaa la Broadway. Lear akamsubiri. Waandishi wakaleta ami, Henry, na kutoa sababu ninayoihusudu mpaka leo: George hakanyagi nyumba ya mzungu. Hemsley alipotokea mwaka 1973, watazamaji walikuwa wanamjua tayari, na walijua kwamba chuki haikukaa upande mmoja wa uzio.

George alikuwa dobi. Biashara ilipochanganya, Januari 1975 familia ilihamia ghorofa la kifahari Manhattan, katika kipindi chao wenyewe, The Jeffersons, kilichodumu hadi 1985. Huko sasa zamu ya kukereka na majirani ikawa yake. Katika jengo hilo hilo waliishi Tom na Helen Willis, mume mzungu na mke mweusi, ndoa ambayo baadhi ya majimbo yaliipiga marufuku mpaka Mahakama ya Juu ilipofuta sheria hizo mwaka 1967. George aliwatukana waziwazi. Waandishi walikuwa na ujasiri wa kumwachia mtu tuliyemhurumia Queens maneno ya aina ya Archie, na hapo ndipo kipindi kilipokomaa kweli. Roxie Roker, aliyeigiza Helen, hakuwa na haja ya kuibuni ndoa hiyo: mumewe alikuwa mzungu, na mtoto wao ni mwanamuziki Lenny Kravitz.

Lionel naye alimpenda Jenny, binti wa Tom na Helen. Wakaoana, wakazaa msichana, na George akajikuta babu wa mtoto mmoja pamoja na Tom Willis.