Moshi Ulivyopoteza Njia Niemba

Wageni wengi wanaolijua jina la Niemba, kwetu huku Kongo, wanalijua kwa siku moja tu. Tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walishambuliwa kwenye daraja la mto Luweyeye, karibu na kwetu, na 9 kati yao wakafa. Huko Ireland wanawakumbuka mpaka leo, na ni haki yao. Lakini sisi tuliozaliwa kando ya reli ya hapa tuna historia nyingine, ndefu kuliko ile ya daraja, ambayo sijaona mtu akiiandika: historia ya moshi ndani ya nyumba zetu. Ulifanya kazi gani, ulipita wapi, na ni lini ulianza kutukaba koo. Mwaka huu mtoto wa kaka yangu, anayekaa Liège huko Ubelgiji, alinipigia simu: "Shangazi, nataka kumnunulia nkambo mashine ya kusafisha hewa. Nichague ipi?" Nkambo ni bibi, naye bibi yake huyo ni mama yangu. Mama anakohoa, kweli. Jibu langu lilichukua muda, maana ilinibidi nianzie mbali.

Nyumba ya nkambo wangu mimi niliikuta bado imesimama. Ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, na moto katikati juu ya mafiga matatu. Juu ya moto palikuwa na dari la fito, na kwenye dari yalilala mahindi ya mbegu na samaki wa mto Lukuga waliokwisha kukauka. Moshi haukutoka mlangoni. Ulipanda polepole, ukapita kwenye mahindi, ukaingia katika nyasi na kuchujika nje, hata mtu aliyetazama kutoka shambani alidhani paa lote linatoa mvuke. Njiani ulifanya kazi. Wadudu wa mahindi waliukimbia, mchwa na mende hawakukaa kwenye nyasi, mbu walipungua, samaki hawakuoza. Siisifu nyumba ile kupita kiasi. Macho ya wanawake yalikuwa mekundu na watoto walikohoa usiku, na hakuna aliyehesabu tulizika wangapi kwa vifua. Ninachosema ni kwamba aliyejenga alijua moshi utapita wapi. Kimo cha dari, wembamba wa nyasi, upande wa mlango: yote yalipimwa kwa kuufikiria moto.

Kisha ikaja reli. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na Baron Édouard Empain, ilijenga njia vipande vipande kuzunguka maporomoko ya Lualaba. Kipande cha mwisho, kilomita 273 kutoka Kabalo mpaka ziwa Tanganyika, kilifika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915, wakati vita na Wajerumani wa ng'ambo ya ziwa inapamba moto. Niemba ikawa stesheni. Mashine za moshi zilikula kuni, na vijiji vya kando ya njia vikajifunza kukata miti kwa ajili ya mtu mwingine. Baadaye makaa ya mawe yalichimbwa Greinerville, kwenye bonde la Lukuga. Baba yangu alifanya kazi ya kutunza njia, na alikuwa akisema kwamba moshi wa kuni na ule wa makaa ya mawe anautofautisha akiwa amefumba macho.

Kambi yetu ya reli ilikuwa na nyumba za matofali zenye mabati, na jiko lilikuwa kibanda cha peke yake uani, wazi pande mbili. Watu wa kampuni hawakufanya hivyo kwa kutupenda. Waliogopa moto uteketeze kambi. Hata hivyo tulipumua. Mama alipika bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kule nyuma, upepo wa ziwani ukachukua moshi, na ndani ya nyumba ya kulala hapakuwa na harufu ya kuni. Nakumbuka tulivyoona fahari kwamba nguo zetu za shule hazinuki.

Jambo lililoharibu haya lilikuja taratibu, na hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu watu husema tu "umaskini" halafu wananyamaza. La kwanza ni bati lenyewe. Mtu wa kijijini aliyepata pesa alitoa nyasi, akapiga bati, na moto akauacha palepale ndani. Bati halichuji kitu. Moshi uliozoea kutoka juu ukagonga chuma, ukarudi chini kwenye uso wa mpishi. La pili ni makala, mkaa wetu wa kuni. Treni zilipokuwa zikipita, magunia ya makala yalipangwa kando ya reli kwenda Kalemie, na mbabula, jiko la makala la chuma chakavu, ikaingia kila nyumba. Makala hayatoi moshi mwingi wa kuonekana, basi watu wakaona hakuna haja tena ya jiko la uani. Mbabula hubebeka, na mvua ikinyesha huingizwa ndani.

La tatu ni vita. Vile vya 1998 hadi 2003 vilipita, tukafikiri tumemaliza. Kisha tangu mwaka 2013 yakaja mapigano ya Wabatwa na Waluba, majirani waliokula sokoni pamoja, na vijiji vya mkoa wetu wa Tanganyika vikachomwa upande huu na upande ule. Watu walikimbilia kambi za Kalemie wakaishi chini ya turubai. Waliporudi walijenga kwa haraka: chumba kimoja, kidogo, dirisha dogo au hakuna, na mlango unaofungwa kwa nguvu. Nani angemwacha binti yake akipika nje gizani wakati huo? Moto ukaingia ndani kwa sababu ya hofu, na hofu ilipopungua, moto haukutoka. Nyumba ya mama ni mojawapo ya hizo. Nimekaa humo jioni moja na kuangalia alama nyeusi ukutani: inaanza kwenye kimo cha uso wa mtu aliyeketi.

Sasa nije kwenye mashine ya mpwa wangu, maana nayo ina historia, na historia hiyo inatuhusu zaidi ya anavyodhani.

Tarehe 22 Aprili 1915, mwezi mmoja au miwili baada ya reli ya Wabelgiji kufika ziwani, Wajerumani walifungulia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji kwenyewe. Kuanzia hapo kila jeshi lilitafuta barakoa, na ndani ya barakoa kilichofanya kazi kubwa kilikuwa mkaa. Mskoti John Stenhouse alikuwa ameutumia mkaa kwenye barakoa tangu 1854. Mwaka 1918 Wamarekani walikusanya kokwa za matunda na vifuu vya nazi ili wachome mkaa mgumu, wenye matundu madogo yasiyohesabika, unaonasa gesi. Mkaa wa namna hiyo ndio uliomo leo katika mashine za nyumbani, ule mfuko mweusi unaoondoa harufu.

Karatasi nyeupe iliyokunjwakunjwa ndani ya mashine hizo ilikuja na vita ya pili ya dunia. Waingereza walifungua barakoa za Wajerumani walizoteka wakakuta karatasi nzito inayozuia vumbi jembamba mno, wakawapelekea Wamarekani. Mkemia Irving Langmuir akaeleza kwamba chembe ngumu kuliko zote kunasa ni zile za karibu mikroni 0.3. Kubwa kuliko hizo hugonga nyuzi, ndogo zaidi hutangatanga mpaka zikakwama. Karatasi za kwanza zilikuwa na asbesto, na nyuzi za kioo zikachukua nafasi yake baadaye. Kichujio hicho, kinachoitwa HEPA, kilitengenezwa kwa bidii yote kwa sababu mradi wa bomu la atomiki ulikuwa na vumbi la urani ambalo halikutakiwa kutoka nje wala kuingia kwenye mapafu ya wafanyakazi.

Na urani ile ilitoka wapi? Shinkolobwe, Katanga, mkoa uliokuwa wetu sote mpaka ulipogawanywa mwaka 2015. Edgar Sengier wa kampuni ya migodi ya Union Minière alikuwa amesafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York mwaka 1940, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Yaani kichujio kilibuniwa kulinda mapafu kule mawe yalikofika. Wanaume waliochimba na kupanga mawe hayo huku yalikotoka hawakuletewa karatasi ile. Nikimwambia mpwa wangu hivi, simlaumu kwa kutaka kununua. Nataka ajue kwamba kitu anachokitazama dukani kina deni kwetu.

Mashine iliingia majumbani kwa njia ya masizi. Liège anakoishi inalijua jambo hili: Desemba 1930 ukungu ulituama kwenye bonde la mto Meuse, kati ya Huy na Liège, ukashika moshi wa viwanda, na watu zaidi ya 60 wakafa ndani ya siku chache. Miaka ya 1960 huko Ujerumani ndugu wawili wa ukoo wa Hammes walianza kuuza kichujio cha nyumba zilizopashwa joto kwa makaa ya mawe. Mnaona mfuatano? Nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi, moto ndani, masizi ukutani, halafu mashine. Wao walifunga madirisha kwa baridi, sisi tulifunga kwa hofu.

Basi, kwa nini nisimwambie anunue tu? Kwanza, nyumba ya mama haina waya wa umeme. Umeme wa bwawa la Bendera unawasha Kalemie, na hata huko hukatika. Mama ana paneli ndogo ya jua inayowasha taa na kuchaji simu, na mashine ya chumba huhitaji wati 30 hadi 60 saa zote. Pili, kichujio hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 pale ambapo hewa ni ya kawaida. Juu ya moto wa kuni kingejaa masizi upesi sana, na kingine kitapatikana wapi?

La tatu ndilo zito, na ningeomba kila anayepika kwa makala alisikie. Makala yakiwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na karatasi ya HEPA haiizuii hata kidogo. Mkaa wa ndani ya mashine nao hauishiki. Mtu akiwa na mashine ghali ikinguruma na mbabula ikiwaka chumba kimoja, madirisha yamefungwa, atalala na huenda asiamke. Goma wanajua hewa ya mazuku inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watu bila onyo. Ile ni gesi nyingine, ya volkano, lakini fundisho linafanana: pua haitakuambia. Lubumbashi, miezi ya baridi ya Juni na Julai, mbabula huingizwa chumbani ili kupata joto. Iacheni nje.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Hesabu hiyo haitashushwa na mashine za chumbani.

Kwake yeye Liège nilimwambia anunue, kwa sababu ana mtoto mchanga na nyumba yake iko kando ya barabara kubwa. Apime chumba kwanza: cha mita za mraba 12 na kimo cha mita 2.5 kina hewa ya mita za ujazo 30, na ili isafishwe mara 5 kwa saa anahitaji mashine inayotoa mita za ujazo 150 za hewa safi kwa saa. Achukue yenye nguvu zaidi ya hiyo, apate kuiendesha polepole bila kelele. Aulize bei ya kichujio cha pili kabla ya kulipia mashine. Akatae yoyote inayojisifu kutoa ozoni, maana ozoni yenyewe huumiza mapafu. Na kama mkaa uliomo ni utando mwembamba uliopakwa kwenye sifongo, asitegemee utaondoa harufu kwa muda mrefu.

Pesa aliyotaka kumtumia nkambo tumeifanyia kazi nyingine. Fundi amejenga jiko uani, matofali ya kuchoma hadi kiunoni, juu wazi pande mbili, bati limeinuliwa shubiri mbili juu ya ukuta ili moshi utoke pembeni. Mlango wake unatazamana na mlango wa nyumba, mama aone nani anapita, kwa sababu bila hilo asingekubali kupika nje usiku. Kutoka Kalemie nilileta mbabula yenye udongo ndani, ya aina ile iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Inakula makala machache zaidi, nayo huwashwa na kukaa nje.

Mama aliuliza swali moja ambalo sikuwa nimelifikiria: mahindi ya mbegu yatakaa wapi, ikiwa hakuna moshi tena darini? Ni swali la nkambo wake, na lilistahili jibu kabla fundi hajaanza. Tumenunua mapipa mawili ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana. Mahindi hukaushwa juani mpaka yalie kama kokoto yakitikiswa, huchanganywa na majivu yaliyochekechwa, kisha pipa hufungwa mpaka mvua za kupanda.