Kinoo, Tupa na Gurudumu: Historia ya Makali Songwe

Kifaa cha kunolea huchaguliwa na chuma chenyewe. Katika nyanda zilizo kati ya Ziwa Rukwa na mpaka wa Zambia, ambazo tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe, chuma cha visu na mapanga kimebadilika mara kadhaa, na kila kilipobadilika, namna ya kukinoa ilibadilika nacho.

Chuma cha zamani kilitoka ardhini hapohapo. Wanyiha wa Mbozi, kama majirani zao Wafipa, walijenga tanuri refu la udongo lililovuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kilichopatikana humo hakikuwa chuma kilichoyeyuka kikawa maji, bali bonge lenye vitundu, lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilisafishwa upya katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi akalifua kuwa jembe, shoka, mkuki au kisu. Kazi hii ilizungukwa na dawa na miiko. Huko Ufipa wafua chuma walijitenga na wake zao hadi tanuri limalize kazi. Ustadi huo unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa katika vitabu vya shule, maana kulifanya tanuri livute hewa lenyewe hadi lifikie joto la kutenga chuma na mawe si jambo dogo.

Chuma cha bonge hakina ugumu wa namna moja. Upande mmoja wa kisu huweza kuwa laini na mwingine ukakaribia chuma cha pua, kwa sababu kaboni haikuenea sawasawa. Kisu cha aina hiyo hupata makali upesi na kuyapoteza upesi. Kwa hiyo mhunzi alianza kwa kuupondaponda ukingo juu ya fuawe hadi ukawa mwembamba, na jiwe likabaki na kazi ya kumalizia tu. Kinoo chenyewe kilikuwa jiwe la chembechembe lililolowanishwa maji: maji huondoa unga wa chuma, la sivyo unga huo huziba chembe na jiwe huteleza bila kula kitu.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliipitisha mipaka yao katika nchi hii, na mwaka 1899 Wamoravian walifungua misheni Mbozi. Bidhaa za Ulaya ziliongezeka. Majembe ya viwandani yalikuwa rahisi kuliko kazi ya wiki nyingi za kuchoma makaa na kujenga tanuri, na uyeyushaji ukafifia katika miongo iliyofuata. Uhunzi haukufa, wahunzi waliendelea kufua vyuma chakavu.

Jinsi chuma kinavyoweza kukataa kifaa ilionekana wazi mwaka 1930, mpimaji W. H. Nott alipokiandika Kimondo cha Mbozi, ambacho wenyeji walikuwa wakikijua tayari. Asilimia 90 hivi ya jiwe hilo ni chuma na nyingi ya iliyobaki ni nikeli. Kukata kipande cha sentimita 10 hivi kwa ajili ya uchunguzi kulichukua saa 10 za msumeno wa chuma.

Mapanga ya kiwandani yalileta tupa. Chuma cha mapanga hayo kilikuwa cha pua, kigumu kwa jiwe la mtoni lakini laini kidogo kuliko tupa, na hapo ndipo tupa hufaa. Meno yake yameelekea upande mmoja, kwa hiyo hukata inaposukumwa tu. Mkulima hulikandamiza panga kwa goti au mguu, akaisukuma tupa kutoka mpini kuelekea ncha, kisha akaiinua wakati wa kurudi. Anayeirudisha huku ameikandamiza huyavunja meno, na tupa ikishakufa haifufuki. Mwisho wake mara nyingi ni kwa mhunzi, ambaye huifua ikawa kisu, maana ni chuma kizuri sana.

Barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ziliifanya Tunduma kuwa mji wa malori, na malori huvunja spring. Spring ya gari ndiyo malighafi bora aliyowahi kupata mhunzi wa huku. Ina kaboni ya kutosha kuzimishwa majini au kwenye mafuta ikawa ngumu hasa. Ila panga la spring lililozimishwa bila kupashwa tena moto kidogo huikataa tupa: tupa huteleza juu yake kama kwenye kioo. Panga kama hilo huhitaji gurudumu.

Jiwe la gurudumu hutegemea chembe za kutengenezwa, kama kaborandamu aliyoipata Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891. Fundi wa kunoa visu mitaani huliendesha kwa pedali za baiskeli, na mwendo huo wa miguu ni salama kuliko wa grenda ya umeme. Grenda huleta joto kali. Ukingo ukigeuka rangi ya samawati, ugumu umekwisha kutoweka na kisu hakitadumu na makali. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hugusisha kidogo, akachovya majini, akarudia.

Kahawa ya Mbozi ina mahitaji yake. Mkasi wa kupogolea ukiwa butu hupondaponda tawi badala ya kulikata, na jeraha huchelewa kufunga. Ubapa wake unaokata hunolewa kwa jiwe laini upande wenye mteremko tu. Upande bapa hupitishwa mara moja kuondoa utepe mwembamba wa chuma uliojikunja. Wauza nyama, kwa upande wao, husuguanisha visu viwili kati ya mteja na mteja. Hilo hunyoosha ukingo uliolala bila kuondoa chuma kingi, na kisu hurudishwa kwenye jiwe pale tu ukingo unapokuwa umekwisha kulika.