Kabla hujasaini: ridhaa yako na wajibu wa mtoa huduma

Mama anayehitaji upasuaji ili ajifungue hupewa fomu asaini. Wengi husaini bila kuelewa, kwa sababu ya uchungu, hofu au kudhani ni utaratibu tu. Fomu hiyo ni ya ridhaa. Ridhaa maana yake umeelezwa, umeelewa na umekubali kwa hiari yako. Saini peke yake haitoshi.

Kwa nini ni lazima uombwe?

Daktari ana ujuzi, lakini mwili ni wako na matokeo utaishi nayo wewe. Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha tangu mwaka 1948, liliongezwa mwaka 2017 ahadi ya kuheshimu uhuru wa mgonjwa kujiamulia. Sisi wauguzi na wakunga nasi tuna maadili yetu. Hapa Tanzania yanasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Unapaswa kuelezwa nini?

- Tatizo ni nini.
- Wanataka kukufanyia nini, na kwa nini.
- Madhara yanayoweza kutokea. Kwa upasuaji, ni pamoja na kutokwa na damu nyingi, kidonda kupata maambukizi, na mimba zijazo kuhitaji uangalizi zaidi.
- Kama kuna njia nyingine.
- Nini kinaweza kutokea usipokubali.

Usipoelewa, sema: "Naomba unieleze tena kwa maneno rahisi." Kisha rudia ulivyoelewa, ili mtoa huduma akurekebishe palipobaki. Kuuliza si utovu wa adabu, wala si kukataa matibabu.

Nani anasaini?

Mtu mzima mwenye fahamu zake anajiamulia mwenyewe. Mume, mama mzazi au mama mkwe anaweza kukushauri, lakini uamuzi ni wako.

Kwa mtoto mdogo, anayekubali ni mzazi au mlezi wake. Kama wewe ni bibi au shangazi unayempeleka mtoto hospitali, beba namba ya simu ya mzazi. Mtoto naye aelezwe kwa kadiri ya umri wake. Usimwambie sindano haiumi.

Kukubali jambo moja si kukubali yote

Ukikubali upasuaji wa kujifungua, hujakubali kufungwa kizazi wala kuwekewa kitanzi. Kila jambo lina maelezo yake na ridhaa yake. Kufunga kizazi ni uzazi wa mpango wa kudumu, kwa hiyo zungumza na mkunga mapema, wakati wa mahudhurio ya kliniki. Usisubiri uulizwe ukiwa katikati ya uchungu.

Unaweza pia kubadili mawazo kabla huduma haijaanza. Ukikataa jambo moja, hupaswi kutukanwa wala kunyimwa huduma nyingine.

Ikiwa ni dharura

Mgonjwa akiwa amepoteza fahamu na kuchelewa kunaweza kumuua, mtoa huduma huokoa maisha kwanza na kueleza baadaye. Ukiwa na fahamu, bado utaelezwa, ila kwa ufupi: "Mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka. Tukichelewa tunaweza kumpoteza. Tunaomba tukufanyie upasuaji sasa." Hapo uliza lililo muhimu zaidi na uamue haraka, kwa sababu dakika zina thamani.

Haki yako isipoheshimiwa

1. Andika tarehe, saa na kilichotokea.
2. Zungumza na muuguzi kiongozi wa zamu au mfawidhi wa kituo. Unaweza pia kutumia sanduku la maoni.
3. Usiporidhika, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya.
4. Lalamiko la maadili dhidi ya muuguzi au mkunga linaweza kufikishwa kwenye Baraza.

Kliniki ijayo, nenda na maswali yako umeyaandika nyuma ya daftari. Mtoa huduma anayefuata maadili atayajibu.