Nguo za Sultani wa Kilwa: Adabu ya Mpiganaji Nje ya Uwanja

Kijana anayejifunza karate au judo akimjia imamu wake, aghalabu huuliza jambo moja: je, yajuzu kumwinamia mwalimu kabla ya mazoezi? Ni swali zuri na jawabu lake si refu. Kuinama kwa namna ya rukuu ni ibada, na ibada haielekezwi kwa yeyote isipokuwa Allah (s.w.t.). Amsalimie mwalimu wake kwa salamu na kumpa mkono, yatosha. Swali zito zaidi ni lile ambalo kijana haulizi. Akishavua sare na kurudi nyumbani, kwa mkewe, kwenye biashara yake au kwa jirani waliyegombana naye, je, ile nidhamu anayoisifia huenda naye au huibakisha uwanjani?

Fiqhi yetu imelishughulikia jambo hili zamani sana. Imam Shafii (r.h.) mwenyewe alikuwa hodari wa kupiga mshale, na mwanafunzi wake Al-Muzani akasema kwamba hapana aliyemtangulia Imam kuandika mlango wa mashindano na ulengaji shabaha. Mlango huo umo pia katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi wa masheikh wa pwani hii wamekisomesha. Msomaji anayeufungua kwa haraka hudhani ni mlango wa michezo. Akitulia ataona kwamba sehemu kubwa yake inahusu haki baina ya washindani: masafa yajulikane kabla, idadi ya mishale ijulikane, dau lijulikane, na asiwepo anayeingia akiwa na uhakika wa kula mali ya mwenzake. Kushindania mshale na mkuki kwa dau kunasihi, kwa sababu ni zana za kujikinga. Mieleka kwa dau haisihi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu.

Hapo mwanafunzi mwerevu hunyoosha mkono. Vipi kuhusu Rukana? Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mieleka na Rukana, mtu mwenye nguvu katika Makuraishi, akambwaga, na katika baadhi ya riwaya dau lilikuwa kondoo. Wanachuoni wa Kishafii walijibu kwamba kusudio lilikuwa kumwonyesha Rukana dalili ili asilimu, na kwamba aliposilimu alirudishiwa kondoo wake. Mimi hukisoma kisa hiki kwa jicho hilo la mwisho. Mshindi alirudisha. Na ni Mtume huyo huyo (s.a.w.) aliyewafundisha Maswahaba, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwenye nguvu hasa si bingwa wa kubwaga watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Aliamuru pia kwamba anayepigana auepuke uso wa mwenzake. Makatazo hayo ya kupiga uso yangetosha kuwa darasa la mwaka mzima kwa walimu wa ngumi, na kwa waume, na kwa walimu wenye bakora vilevile.

Tuje sasa Kilwa Kisiwani, ambako mambo haya yaliwahi kuonekana kwa macho. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika huko kutoka Mombasa, akaandika kwamba wengi wa watu wa mji ni wenye dini na wema, na kwamba ni wafuasi wa Imam Shafii. Mtawala wao alikuwa Abul-Muzaffar Hasan, mwana wa Sulaiman, aliyepewa jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ni zama zake ambazo wanaakiolojia wanazihusisha na jumba la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane, na pia na upanuzi wa Msikiti Mkuu. Utajiri ulitokana na dhahabu ya Sofala. Masimulizi ya Kilwa yanasema kwamba akiwa kijana alikaa miaka miwili Aden akisoma.

Sultani huyu alikuwa mtu wa vita. Msafiri anasema alikuwa akiishambulia mara kwa mara nchi ya Wazanji na kuteka ngawira. Kisha anaongeza jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita mbio: alikuwa akitoa khumsi, ile sehemu ya tano, na kuitumia katika njia zilizotajwa katika Suratul-Anfal, aya ya 41. Fungu la jamaa wa Mtume (s.a.w.) aliliweka katika hazina ya peke yake, na masharifu walipomjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko aliwapa. Ibn Battuta aliwakuta masharifu wa Hijazi barazani kwake. Tazama: mkono uliotoka kushinda unalazimika kukaa chini na kuhesabu. Hiyo ni nidhamu ya vita iliyoingia katika daftari la matumizi.

Nguvu ya mtu huyu ilijaribiwa siku moja ya Ijumaa. Alikuwa akitoka msikitini kuelekea nyumbani, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa hiyo hiyo. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwambia fakiri aingie azichukue. Yule mtu akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Mwenye majeshi asimamishwe njiani mbele ya umati uliotoka kuswali, aambiwe avue nguo, tena sasa hivi! Wangapi kati yetu wangejizuia hata kukunja uso? Msafiri anasema pia kwamba sultani huyu alikuwa akiketi na kula pamoja na mafakiri. Basi lile la Ijumaa halikuwa la siku moja.

Kisa hakikuishia hapo, na haifai tukikatize kwa kuwa sehemu iliyobaki ni nzito. Mwana wa sultani, mrithi wake, alizichukua nguo zile kwa fakiri akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Fakiri aliyeomba nguo akawa mmiliki wa watu ishirini. Watu hao walitoka wapi? Ibn Battuta hakusema. Lakini sultani aliyekuwa akiishambulia nchi ya Wazanji hakukosa mateka, na wengi wetu tunaosoma ukurasa huu, Kilwa Kivinje, Lindi au Mikindani, tuna nasaba inayorudi bara. Wapo wanaosema tusiwahukumu wa kale kwa mizani ya leo. Mizani ninayoishika hapa ni ya kale kuliko Hasan: Qur'ani imeweka fungu la kukomboa shingo miongoni mwa mafungu manane ya zaka, Suratut-Tawba aya ya 60. Aliyeihesabu khumsi kwa uangalifu namna ile aliijua aya hii pia. Ukarimu wake ulifika kwa sharifu na kwa fakiri wa Yemen. Kwa wale ishirini haukufika, na hapo ndipo nidhamu yake ilipokomea.

Alipofariki Hasan, alitawala nduguye Daud. Habari za Daud zilimfikia Ibn Battuta kwa kusimuliwa, kwa kuwa yeye alimkuta Hasan. Alisimuliwa kwamba kila mwombaji alipokuja, Daud alijibu kuwa aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, kisha wakapewa kidogo, mpaka watu wakaacha kuujia mlango wake. Hakuna vita vilivyotajwa hapo. Wageni waliacha tu kuja.