Nani Alisema Baridi Tunaenda Kufanya Kazi Tu?

Wasee, hebu tuongee. Nikisema hapa Gachoka kwamba nataka kwenda likizo pwani ya Norway mwezi wa Januari, niguse theluji, nile samaki, nirudi nyumbani, swali la kwanza ni moja: "Umepata kazi huko?" Shosho wangu ameliuliza, na maboyz wa stage wameliuliza. Theluji pekee tunayoijua ni ile ya Mlima Kenya asubuhi mawingu yakitoka, lakini hilo swali lina historia ndefu.

Chukua Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844. Alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, akatoroka kwao 1866, na mwaka uliofuata akafunga ndoa na kuhamia Hamburg, mji wa bandari wenye baridi kali. 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu kwenye nchi ya wageni. Hiyo si likizo. Kisha kuna Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891 hadi 1895. Yeye alikuwa kazini.

Anayenikosha zaidi ni Selim bin Abakari, Mngazija. 1896 alimfuata bosi wake, Mjerumani Theodor Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Bumiller ndiye aliyekuwa msafiri. Selim alikuwa mtumishi wake. Lakini ni Selim aliyeandika safari hiyo kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1901 kwenye kitabu cha Carl Velten. Yaani zaidi ya miaka 120 iliyopita, mtu wetu alikuwa akiwatazama Warusi na kuwaeleza kwa lugha yetu, kama vile wao walivyozoea kututazama sisi.

Sasa angalia upande wa pili. Tangu miaka ya 1970, ndege za watalii kutoka Ujerumani na majirani zake zimekuwa zikitua Mombasa. Waitaliano nao wakapenda Malindi na Watamu. Baridi ikiwabana kwao, wanakuja kwa jua letu, na hakuna anayewauliza wamepata kazi gani. Mtu amechoka, anapumzika, basi.

Mimi nikitaka kufanya vilevile, naomba viza ya Schengen. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudishwi. Unaonyesha pesa zako za benki, tena unathibitisha kuwa utarudi nyumbani. Yeye akija kwetu, tangu Januari 2024 anajaza fomu mtandaoni, analipa dola 30 hivi, anapanda ndege.

Kwa hivyo lile swali la shosho si ushamba. Ni kumbukumbu. Watu wetu wengi walifika kwenye baridi kwa sababu ya mapenzi, kazi au amri ya mwenye pesa. Ubalozi nao unauliza swali lilelile, ila kwa fomu.

Maoni yangu ni haya: kupumzika si mali ya pasipoti fulani. Kijana wa Mbeere ana haki ya kutamani bahari ya baridi bila kutafuta kibarua cha kuhalalisha safari. Naweka akiba pole pole, na daftari liko tayari. Selim aliandika akiwa amebeba mizigo ya mtu mwingine. Mimi nataka kuandika nikiwa nimebeba yangu.