Mavi ya Chuma ya Limbo: Historia Tunayoikanyaga

Kila mwaka wa masomo unapoanza huwauliza wanafunzi wangu swali moja: historia ya pwani yetu ilianzia wapi? Majibu hayabadiliki: Kilwa, Zanzibar, Bagamoyo. Wengine hutaja majahazi na pepo za msimu, kana kwamba historia ni shehena iliyoteremshwa bandarini. Hajatokea hata mmoja aliyetaja Kisarawe au Kibaha, ingawa wapo wanaolala huko na kuja darasani kwa daladala kila asubuhi.

Kosa si lao. Kwa muda mrefu wasomi wenyewe walifundisha hivyo. James Kirkman, aliyechimba Gedi, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, waliitazama miji ya pwani kuwa hasa ni kazi ya wageni waliovuka bahari. Mwenyeji aliachiwa nafasi ya mpokeaji. Hata mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, unaoitaja bandari ya Rhapta, unasimulia kwamba mikuki na mashoka yaliletwa huku kutoka Uarabuni. Msomaji mwenye haraka angehitimisha kwamba wenyeji hawakujua chuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali paitwapo Limbo, Kisarawe. Hakukuta dhahabu wala jiwe lenye maandishi. Alikuta mavi ya chuma kwa wingi, vipande vya vifereji vya udongo vilivyopitisha upepo wa mivuo, na vigae vya vyungu vya aina ya Kwale, aina iliyopewa jina la mahali huko Kenya ambako Robert Soper aliichunguza miaka ya 1960. Umri wake ni wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Misugusugu, Kibaha, nako kulitoa ushahidi wa jamii za zama hizo. Kwa hiyo, karne nyingi kabla ya msikiti mkuu wa Kilwa kujengwa, vilima hivi vilikuwa na wahunzi walioyeyusha chuma chao wenyewe. Katika tasnifu yake ya mwaka 1994, iliyotolewa Uppsala, Sweden, Chami alitetea hoja kwamba miji ya pwani ilichipuka kutoka katika jamii za namna hiyo. Wageni walikuja, naam, lakini walimkuta mwenye nyumba.

Je, maarifa haya yako wapi leo? Yamo katika majarida ya Kiingereza, kwenye maktaba ambazo mwananchi wa Kisarawe hana sababu ya kuingia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda kazi za mikono ya watu zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayezigundua atoe taarifa. Lakini mkulima ataripotije mavi ya chuma ikiwa hakuna aliyemwambia kuwa huo ni ushahidi? Kwake yeye hilo ni jiwe linaloharibu jembe.

Wakati huohuo Kibaha na Kisarawe zinapimwa viwanja kwa kasi. Tunapodai mifupa ya Tendaguru, iliyochukuliwa kati ya 1909 na 1913, walau tunajua iko Berlin. Tanuri lililosombwa na greda halina Berlin ya kulidai.

Makumbusho ya Taifa, yaliyofungua milango Dar es Salaam mwaka 1940, hayana budi kuwafuata watu. Hilo halihitaji jengo la fahari. Kibaha kuna Shirika la Elimu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970. Kabati moja la vigae na mavi ya chuma, lenye maelezo ya Kiswahili, lingetosha kuanzia hapo. Na ziara hiyo isiwe ya kufundisha tu. Wazee wa Kizaramo wanayajua majina ya vilima, na makungwi wanaijua maana ya mwana hiti, kile kinyago cha mwali ambacho mifano yake inatazamwa katika makumbusho ya Ulaya bila sauti ya waliokichonga. Anayekwenda kijijini na kabati lazima aende pia na daftari.

Kwa wanafunzi: zitafsirini tafiti hizi kwa lugha ya bibi zenu. Kwa wanaharakati: mnapotetea haki ya ardhi, iteteeni na kumbukumbu iliyomo ndani yake. Na kwa watumishi wa umma, hasa wa idara za ardhi: kabla ya kuidhinisha ramani ya upimaji, mwiteni mtaalamu wa mambo ya kale autembelee uwanja huo kwa miguu. Gharama yake ni siku chache. Kinachopotea asipokuja hakuna bajeti itakayokirudisha.