Sentimita 38

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa dadangu, huku Umoja, kuna mistari ya penseli. Ni ya mpwa wangu wa miaka 13. Kila mwisho wa mwezi anasimama hapo bila viatu, anaweka kitabu juu ya kichwa, anachora. Mistari mitatu ya mwisho imekaribiana mpaka inakaa mmoja.

Alianza kucheza tenisi 2022, ule mwaka Angella Okutoyi alishinda taji la wasichana la wachezaji wawili wawili Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na kuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la vijana. Mwaka huu kocha mmoja alikuwa anachagua watoto wa kwenda mashindano, akamwacha. Hakusema anacheza vibaya. Alisema, "Huyu hatarefuka."

Jioni hiyo kijana akaniuliza, "Anko, ufupi ndio basi?"

Mimi ndio yule anko aliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kwetu hakuna mtu huniuliza maswali ya maisha. Lakini ile sentensi ya kocha naijua. Niliwahi kuambiwa "hapa si pako" na mtu aliyeshika orodha mkononi. Sikuuliza orodha imeandikwa na nani. Nilibeba begi nikaenda. Kwa hivyo sikutaka kumjibu mtoto haraka, wala kumwambia ati anaweza chochote akiamini. Huo ni uongo, na watoto wa Umoja wanaujua uongo wakiusikia. Nikaenda kusoma.

Hebu tuanze na hesabu. Kutoka mstari wa nyuma hadi neti ni mita 11.89. Katikati, neti ina kimo cha sentimita 91.4. Upande wa pili, servisi lazima itue ndani ya kisanduku kinachoishia mita 6.40 kutoka kwenye neti. Sasa chora mstari mnyoofu: anzia ukingo wa kile kisanduku, pitia juu ya neti katikati, rudi mpaka mstari wa nyuma. Unatokea kwenye kimo cha mita 2.61. Anayepiga mpira kutoka chini ya hapo hawezi kuulenga moja kwa moja ukaingia. Lazima asubiri uvutano wa ardhi na msokoto wa mpira umsaidie kuushusha.

Tuseme mtu akinyoosha mkono na raketi anaupiga mpira kwenye kimo cha mara moja na nusu ya urefu wake. Mwenye mita 1.70 anaupiga kwenye mita 2.55. Ivo Karlović wa Kroatia, mwenye mita 2.11, anaupiga juu ya mita 3.1. Mmoja anarusha akiwa barabarani, mwingine anaangusha kutoka ghorofani. Kwa hivyo kocha hakuwa anaota. Kimo ni kitu.

Lakini hizo namba za uwanja hazikuumbwa na Mungu. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon, 1877, neti ilikuwa na kimo cha futi 5 kwenye nguzo, na mstari wa servisi ulikuwa futi 26 kutoka kwenye neti. Bingwa alikuwa Spencer Gore, aliyesimama karibu na neti na kuupiga mpira kabla haujagusa chini. Mwaka uliofuata Frank Hadow akampata dawa: alikuwa anauinua mpira juu, unampita Gore kichwani na kutua nyuma yake. Waliokuwa na uwanja nao wakaendelea kupima na kubadilisha. Kufikia 1880 mstari wa servisi ulikuwa umesogezwa hadi futi 21, pale pale ulipo leo. Miaka michache baadaye neti kwenye nguzo ilishushwa hadi futi 3 na nusu.

Hapo ndipo niliacha kusoma kidogo. Ile mita 2.61 inayomfanya mpwa wangu awe "mfupi" ilitokana na vikao vya wanaume fulani London waliokuwa wanajaribu kufanya mchezo uwe mtamu. Wangeiacha neti mahali pengine, "mfupi" angekuwa mtu mwingine.

Na kwa muda mrefu, wafupi walikula vizuri tu. Rod Laver wa Australia alikuwa na mita 1.73. Alishinda Grand Slam zote nne ndani ya mwaka mmoja, 1962, halafu akarudia 1969. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kufanya hivyo mara mbili. Mwenzake Ken Rosewall, mita 1.70, walimpa jina la utani Muscles kwa kejeli, kwa sababu misuli yenyewe haikuonekana. Alishinda ubingwa wa Australia 1953 akiwa na miaka 18, na akaushinda tena 1972 akiwa na 37. Siku zile raketi zilikuwa za mbao, zenye uso mdogo, na Grand Slam tatu kati ya nne zilichezwa kwenye nyasi, ambapo mpira haurukii juu. Mtu mfupi hakusumbuliwa na mipira ya mabegani.

Halafu vifaa vikabadilika. Zikaja raketi za chuma, kisha za grafiti, nyepesi na zenye uso mpana, na servisi ikageuka silaha. Michael Chang, mita 1.75, alishinda French Open 1989 akiwa na miaka 17. Njiani alimtoa Ivan Lendl, namba moja wa dunia, huku misuli ya miguu imemkaza hadi akapiga servisi moja ya chini ya mkono. Watu wanaikumbuka kama kichekesho. Mimi naona mtoto aliyeishiwa na njia, akatafuta nyingine.

Upande wa wanaume mlango umekuwa ukifungwa polepole. Gastón Gaudio wa Argentina, mwenye mita 1.75, alishinda French Open 2004. Tangu hapo hakuna mwanamume wa chini ya mita 1.80 aliyeshinda Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja. Hilo nalo nilimwambia mpwa wangu. Alinyamaza.

Sasa ngoja nikuonyeshe upande wa pili wa huo mlango. Kama kimo kingekuwa kila kitu, Karlović angekuwa na makabati ya vikombe. Mwaka 2003 alimtoa bingwa mtetezi wa Wimbledon, Lleyton Hewitt, raundi ya kwanza. Alipiga zaidi ya servisi 13,000 ambazo hazikuguswa. Lakini katika Grand Slam hakuwahi kupita robo fainali. Mwili ule ule unaoangusha mpira kutoka ghorofani lazima uiname kuuokota mpira wa chini, ugeuke, ukimbie, usimame. Mabingwa warefu zaidi wa Grand Slam upande wa wanaume, kama Juan Martín del Potro, Marin Čilić na Daniil Medvedev, wameishia mita 1.98. Kwa hivyo kuna dari pia. Ni vile tu hakuna kocha anayemwambia mtoto "wewe utarefuka sana."

Ukitaka kuona kimo peke yake kinafanya nini, angalia Wimbledon 2010. John Isner wa Marekani, mita 2.08, alicheza na Nicolas Mahut wa Ufaransa kwa saa 11 na dakika 5, siku tatu. Seti ya tano iliisha 70–68. Katika gemu 138 za seti hiyo, servisi ilivunjwa mara moja tu, kwenye gemu ya mwisho. Raundi iliyofuata Isner, akiwa amechoka hoi, alipigwa seti tatu bila. Mwaka 2018 akaingia nusu fainali na Kevin Anderson wa Afrika Kusini, mwenye mita 2.03, na seti ya tano ikafika 26–24. Waandaaji wakasema imetosha. Mwaka 2019, Wimbledon ikaweka taibreki ya seti ya mwisho, wakati huo wakifika 12–12. Warefu wawili walikuwa wamegonga ukuta wa mchezo, na watu wakausogeza ukuta tena, kama 1880.

Isner alifika namba 8 duniani. Weka hiyo namba akilini.

Diego Schwartzman wa Argentina alipewa jina la Maradona, mfupi mwingine. Akiwa na miaka 13, umri wa mpwa wangu kabisa, daktari alimwambia hatapita mita 1.70. Hakupita. Akajenga mchezo wake kwenye kile kitu warefu wanakichukia: kurudisha servisi. Aliusogelea mpira mapema, ukiwa bado unapanda, kabla haujafika mabegani. Kwenye udongo, ambapo mpira unapunguza kasi, miguu yake ilipata muda wa kufika. Septemba 2020 alimpiga Rafael Nadal Roma. Wiki chache baadaye alimtoa Dominic Thiem French Open baada ya saa 5 na dakika 8, akaingia nusu fainali. Oktoba akaingia namba 8 duniani.

Mita 2.08 na mita 1.70. Tofauti ya sentimita 38. Wote wawili kilele chao ni namba 8.

Kwa wanawake mlango uko wazi zaidi. Justine Henin wa Ubelgiji, mita 1.67, alishinda Grand Slam saba. Ashleigh Barty, mita 1.66, tatu. Jasmine Paolini wa Italia, mita 1.63, ambaye babu yake anatoka Ghana, alicheza fainali ya French Open na ya Wimbledon, zote 2024.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya, pamoja na yale mabaya. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Huyo Diego alikuwa anafanya mazoezi aje ya kurudisha servisi za warefu?"

Sijui mazoezi yake. Lakini Jumamosi tulibeba kreti tupu ya soda kutoka dukani, tukaiweka kwenye mstari wa nyuma wa uwanja wa saruji wenye nyufa. Mimi si mrefu pia. Nikapanda juu ya kreti na kuanza kumpigia servisi. Nyingi ziliishia kwenye neti, na watoto waliokuwa pembeni wakatucheka. Ya kumi hivi ikaingia, kali kiasi. Akapiga hatua mbili mbele na kuirudisha kabla haijapanda, ikanipita miguuni.

"Anko," akasema, "ongeza tofali chini ya hiyo kreti."